Mwanangu kaalikwa pati ya Halloween hapa Dodoma, hii sikukuu ni ya nini hasa na nimvalishe nini?

mama_wawili_kisasa:

Wakuu habari za jioni, poleni na jua na huu upepo wa Oktoba, leo nimefagia vumbi ndani mara tatu na bado meza unaandika jina kwa kidole.

Naombeni msaada maana nimekwama kabisa. Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la tatu, juzi karudi na kadi ya mwaliko, mwenzake wa darasani ambaye wazazi wake wamekaa sana nje wanafanya pati ya Halloween kwao Ilazo Jumamosi ya tarehe 31 saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku. Kadi ina picha ya boga lenye macho na meno halafu na popo wawili, wameandika mtoto aje na vazi la kutisha na mzazi alete kitu cha kula, nacho kiwe cha kutisha kidogo. Sasa mimi hii sikukuu naionaga tu kwenye simu, watu wanajipaka damu za uongo, sijui imetoka wapi wala maana yake.

Shida ya pili, nakaa na mama mkwe, mama wa Bahi huyo, mtu wa sala kila siku. Alivyoiona ile kadi akauliza, "Mnataka kucheza na wafu?" Hakugomba wala nini, aliuliza tu taratibu kisha akaingia chumbani kwake, na mpaka leo hajaligusia tena. Nami namheshimu sana huyu mama, kanilelea watoto, siwezi nikafanya kitu moyo wake umeinama. Ila mtoto naye kila asubuhi ananiuliza mama nitaenda?

Kwahiyo naomba kujua, moja, ni kweli ni ibada ya mashetani kama wanavyosema? Pili nimvalishe nini, maana kuna duka nimeona kofia nyeusi ndefu ya mchawi na ufagio bei si mbaya. Tatu nipike nini kwa vitu vya soko la Majengo, hela yenyewe ya mawazo. Asanteni.

---

nuru_ya_makulu:

Dada, mimi nakujibu kwa upendo. Wanangu hawaendi na sababu yangu ni hii, mtoto wa miaka 8 hajui kutenganisha mzaha na kweli, ukimwambia leo tunacheza na mizimu kesho akisikia kishindo juu ya bati halali. Wa kwangu mkubwa aliwahi kuonyeshwa video ya mazombi na watoto wa jirani, miezi miwili tulikuwa tunalala nae kitanda kimoja. Sisemi wanaofanya ni watu wabaya, nasema kila mzazi anamjua mwanae. Na huyo mama mkwe swali lake msilipuuze, mmekaa mkamwelezea au mmenyamaza tu?

---

katekista_mstaafu:

Mama wawili, salama. Nimefundisha dini zaidi ya miaka 30 niruhusu nianze na jina maana jina lenyewe ndo linajibu nusu ya swali lako.

Halloween ni kifupisho cha Kiingereza cha zamani, maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Tarehe 1 Novemba ni Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 2 ni kumbukumbu ya Marehemu Wote, siku ile tunaenda makaburini kusafisha na kuombea wetu. Kwahiyo tarehe 31 Oktoba usiku ni mkesha, kama ulivyo mkesha wa Krismasi. Hapo mwanzo kabisa Kanisa la Roma lilikuwa na sikukuu ya mashahidi, yaani wale waliouawa kwa ajili ya imani, tarehe 13 Mei, karne ya 7 Papa Bonifasi wa Nne aliliweka wakfu lile jengo la Pantheon lililokuwa hekalu la miungu ya Warumi likawa kanisa la Bikira Maria na mashahidi wote. Halafu karne ya 8 Papa Gregori wa Tatu akaweka wakfu kikanisa cha watakatifu wote ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, na Papa Gregori wa Nne mwaka 835 ndo akaisambaza hiyo tarehe 1 Novemba iadhimishwe kwa upana.

Sasa mambo ya kutisha yametoka wapi. Ireland na Scotland, kabla hata Ukristo haujafika, watu wale walikuwa na siku yao inaitwa Samhain (inatamkwa kama "sawin"), ni mwisho wa mavuno, wanashusha ng'ombe kutoka malisho ya milimani, baridi na giza la miezi mingi ndo linaanza. Waliamini usiku ule mpaka kati ya wazima na wafu unalegea, wanawasha mioto mikubwa. Dini ilipoingia hizi mbili zikakaa tarehe moja zikachanganyika, kama ambavyo huku kwetu mtu anabatizwa na bado kuna mambo ya ukoo hayaachi.

Na kitu kizuri ambacho wengi hawakijui, Uingereza ya zamani maskini na watoto walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba siku hizo wanaahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile na wao wanapewa vikeki vidogo vya viungo, viliitwa keki za roho. Watu wengi wanaona kule kuomba pipi mlangoni kwa leo kuna ukoo na jambo hilo. Kwahiyo mwambie mama mkwe kwamba chimbuko lake mojawapo ni kuwaombea wafu, hilo yeye analielewa kuliko sisi sote.

---

mama_wawili_kisasa:

Katekista Mungu akubariki, hii ya kuombea marehemu sikuijua kabisa. Nuru nimekusikia pia ndugu yangu, ni kweli tulinyamaza, nimekosea hapo. Leo jioni nitakaa nae mama.

---

dada_wa_kongwa:

Mama wawili mimi nimekaa Dublin miaka minne nikihudumia wazee kwenye nyumba zao, nikuambie nilichokiona kwa macho maana kwenye simu tunaonaga ya Wamarekani tu.

Kule Oktoba mwishoni saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, baridi, majani ya miti yameanguka yote yameloa njiani. Ukiwa huku kwetu huwezi kuielewa hiyo sikukuu mpaka uwe umekaa kwenye lile giza. Bibi niliyekuwa namhudumia alikuwa na miaka 90 kasoro, siku hiyo lazima anunuliwe mkate unaitwa barmbrack, ni mkate mtamu una zabibu kavu nyingi zilizolowekwa kwenye chai, na ndani wanaficha vitu. Ukipata pete utaolewa mwaka huo, ukipata sarafu utakuwa na hela, ukipata kitambaa utakuwa na dhiki. Mwaka wa kwanza nilikata kipande kisu kikagonga kitu, ni pete ya bati, yule bibi alicheka mpaka machozi akanishika mkono akasema mpigie mama yako simu sasa hivi. Nikapiga kweli, usiku wa Kongwa, mama akadhani kuna msiba. Na pia wanakula viazi vilivyopondwa na sukuma wiki na siagi, chakula cha kawaida kabisa, kinaitwa colcannon.

Boga nalo lina hadithi yake. Kulikuwa na mtu anaitwa Jack, bahili na mlevi na mwongo. Akakutana na Shetani kwenye kilabu, akamwambia jigeuze sarafu nilipie kinywaji, Shetani akajigeuza, Jack akaitia mfukoni penye msalaba Shetani akanasa hatoki. Akaja akamnasa tena juu ya mti wa matofaa kwa kuchora msalaba kwenye shina. Mpaka Shetani akaapa roho yako sitaichukua kamwe. Basi Jack akafa. Mbinguni akakataliwa kwa matendo yake, kuzimu nako akakataliwa kwa sababu ya kile kiapo, akabaki hana kwa kwenda. Shetani akamtupia kaa la moto, Jack akaliweka ndani ya kiazi fulani cha kule kinaitwa turnip, cha duara kama figili nene, alichokitoboa, na ndo anatembea na hiyo taa gizani hadi leo.

Waairish walikuwa wanachonga hivyo viazi, nimeviona kwenye jumba la makumbusho, jamani ile sura ya kiazi kilichokauka inatisha kuliko boga lolote. Baadae ikaja ile njaa kubwa ya viazi mviringo kuanzia 1845, watu kama milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni wakakimbia nchi, wengi wakaenda Marekani, na kule wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga. Kwahiyo ukiona boga lenye meno kwenye kadi ya mtoto jua limebebwa na watu waliokimbia njaa. Mimi mtu wa Kongwa niliyelelewa na bibi anayesimulia miaka ya njaa ya Wagogo kwa majina yake, hiyo ndo iliyonifanya niwapende wale watu.

---

mjukuu_wa_bi_mwanahawa:

Samahani nimesoma kimya nimeshindwa kunyamaza, ni kuhusu hiyo kofia ya mchawi.

Mama wawili naomba usiinunue. Najua Ulaya mchawi wa kofia ndefu ni picha ya kitabu cha watoto, ingawa nao zamani waliwachoma na kuwanyonga watu kweli kwa tuhuma hizo. Lakini hapa Tanzania sisi bado hatujafika kwenye kucheka. Bibi yangu mzaa mama alipika kwa kuni toka yuko mdogo mpaka amezeeka, jiko la ndani halina dirisha, macho yake yalikuwa mekundu mda wote yanatoa maji. Siku moja akafa mtoto wa jirani kwa homa, na watu wakaanza kumtazama. Hakuna aliyesema kitu mchana. Usiku tukawa tunasikia mawe juu ya bati. Mjomba alimhamisha alfajiri kwenye baiskeli, kamfunika shuka kichwani kama mgonjwa, na hakurudi tena kwenye nyumba aliyojenga na babu. Aliishi kwetu mjini miaka 11, kila tukiwa tunakula alikuwa anakaa ameupa mlango mgongo ili mtu akipita asimuone macho.

Bibi wengi hawakupata mjomba wa baiskeli. Kanda ya Ziwa wameuawa vikongwe wengi kwa macho mekundu tu, moshi wa kuni na samadi umewaponza. Hata sheria ya uchawi tuliyonayo ni ya mkoloni ya 1928 na inamtia hatiani mtu kumtuhumu mwenzie uchawi, lakini tuhuma haiendi kituoni, inapita kwenye midomo.

Kwahiyo mtoto wa kike mdogo kuvaa uchawi akajifunza kwamba bibi kizee mwenye pua ndefu ndo kitu cha kuogopwa, hapana. Mambo ya kutisha yapo mengi sana, zimwi, fisi, mifupa. Mwache mtoto awapende wazee wetu.

---

mama_wawili_kisasa:

Mjukuu nimelia hapa. Kofia siinunui. Na nimesoma ujumbe wako kwa sauti mbele ya mama mkwe, alikaa kimya muda kidogo akasema "mwambie huyo mtoto bibi yake apumzike kwa amani." Nakufikishia.

---

mjukuu_wa_bi_mwanahawa:

Amina. Mpe shikamoo yangu.

---

msambaa_wa_area_c:

Mi naomba nitoe ya kwetu Lushoto maana mnaongelea boga kama vile ni la wazungu tu wakati sisi Wasambaa tumelelewa na hadithi ya boga na lilikuwa linatuogopesha hadi kwenda shamba jioni hatutaki.

Watoto walikuwa wanacheza shambani wakaona boga moja zuri linakua. Mmoja akasema, ona lile boga linavyozidi kuwa kubwa. Boga likaongea! Likasema, ukinichuma nami nakuchuma. Watoto mbio nyumbani, mama yao hakuwaamini. Dada zao wakasema tuonyesheni, wakaenda wakasema maneno yaleyale, boga kimya. Wavulana wakaonekana waongo. Lakini wakirudi wao linaongea. Na linakua, linakua, likawa kubwa kama nyumba, siku moja likaanza kumeza watu, likameza kijiji chote, akabaki mwanamke mmoja mwenye mimba. Likajiondokea.

Yule mwanamke akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto akakua akauliza, baba yangu yuko wapi? Mama akasema baba yako kamezwa na boga. Akachonga mishale akaanza kulitafuta. Alipolipata akalipiga mishale mpaka likaishiwa nguvu, likapasuliwa, na watu wote wakatoka wazima.

Bibi akifika pale boga linaposema alikuwa anaibadili sauti anaitoa tumboni, na taa ya kibatari anaishusha utambi kidogo, tunasogeleana wote kwenye mkeka mmoja. Sasa mama wawili, hapo kwenye pati kutakuwa na boga limechongwa linawaka, kazime taa simulia hiyo. Hakuna mtoto atakayekumbuka pipi.

---

mtoto_wa_hombolo:

Mbukwenyi. Naongeza mawili matatu ya Ugogo huku.

Kwanza wanasema ni sikukuu ya vuli, kamusi zinaita hivyo ule msimu wa Ulaya wa majani kuanguka, lakini vuli kwa Mtanzania ni mvua ndogo za mwisho wa mwaka na sisi Dodoma hizo hatuna, mvua yetu ni moja, inaanza Novemba mwishoni au Disemba inaishia Aprili. Kwahiyo Oktoba mwishoni kwetu ndo kipeo cha ukame, ardhi imepasuka, ng'ombe mbavu nje, na wazee zamani ndo wakati walikuwa wanaanza kufanya tambiko la kuomba mvua na kuwakumbuka waliotangulia kwa pombe ya mtama. Kule wanaaga mavuno, huku tunasubiri mvua, lakini pande zote mbili ni wakati wa mashaka na watu wakiwa na mashaka wanawakumbuka wafu wao. Mimi ndo naona hivyo.

Pili, mnataka kitu cha kutisha cha Dodoma? Toka nje ya mji usiku mwezi huu ukasimame chini ya mbuyu. Mibuyu yetu ndo inachanua sasa, kabla ya mvua, na maua yake yanafunguka jua likizama. Ua ni jeupe, kubwa kama bakuli, linaning'inia kichwa chini, na harufu yake si ya manukato, kuna namna ya uvundo. Hiyo harufu ndo inawaita popo. Wanakuja wale popo wakubwa wala matunda wananing'inia kwenye ua wanakula, na uchavushaji unafanyika hapohapo, kesho yake maua yameanguka chini yamegeuka kahawia. Sisi tukiwa wadogo tulikatazwa kupita chini ya mbuyu fulani usiku wanasema una mizimu, na kweli unasikia mabawa juu na kitu laini kinaanguka mgongoni kwako pwaa, unakimbia bila kuangalia nyuma. Kumbe ua.

Bila yule popo ubuyu ungekuwa adimu. Mvalishe binti yako popo mama.

---

mama_wawili_kisasa:

POPO! Jamani mbona sikuwaza na kadi yenyewe ina popo. Vazi la popo naweza kushona mwenyewe?

---

dada_wa_kongwa:

Chukua mwavuli mweusi ulioharibika, kata katikati, toa zile chuma uache labda mbili tatu mwishoni uzifunge kitambaa zisimchome, kila nusu ni bawa moja tayari lina yale mapindo ya popo. Shona kwenye mikono ya sweta nyeusi na ubavuni. Masikio kata kwenye boksi gumu upake kiwi, bandika kwenye hedibendi. Dublin niliwatengenezea hivyo wajukuu wa yule bibi.

---

fundi_viungo_dom:

Chakula niachieni mimi, nauza vitafunwa Sabasaba mwaka wa tisa sasa.

Ubuyu, na hili sibishani na mtu. Zawadi ya kumpelekea mtoto yeyote kwenye pati ya kutisha hapa Dodoma ni ubuyu mwekundu, maana ukimaliza kuula mdomo na vidole vimekuwa kama umetoka kula mtu. Chukua kilo 1 ya ubuyu wenye mbegu zake, chekecha unga unaodondoka uuweke pembeni. Sukari nusu kilo na maji vikombe viwili, chemsha na rangi nyekundu ya chakula, iliki iliyotwangwa, chumvi kiduchu, pilipili ya unga nusu kijiko cha chai tu kwasababu ni watoto. Ikianza kunata kwenye mwiko tia ule unga uliochekecha ukoroge upesi usifanye madonge, halafu mwaga ubuyu wote, punguza moto, geuza geuza taratibu kutoka chini mpaka shira imeshika kila mbegu na sufuria inaanza kukauka. Usiondoke jikoni kwenda kupokea simu, ikishika chini imeungua yote ladha yake. Tandaza kwenye sinia ipoe. Funga kwenye vikaratasi vidogo.

Pili zabibu, na tupo nyumbani kwa zabibu. Menya ganda zabibu kubwa, weka kwenye bakuli, mfunge mtoto kitambaa machoni mwambie haya ni macho ya zimwi, ashike. Bakuli la pili tambi zilizochemshwa na mafuta kidogo, huo utumbo. Nimefanya kwenye birthday ya mwanangu walipiga kelele mtaa mzima ukatoka nje. Ila kama kuna watoto chini ya miaka mitano zabibu za kula wakatie mara nne kwa urefu, nzima inakaba koo.

Boga lenyewe nunua lenye ganda la njano ya kuiva, si la kijani gumu, kisu kinateleza kwenye lile ukajikata. Kata kifuniko juu kwa mshazari ili kisidumbukie ndani, toa utumbo wote kwa kijiko. Nyama usitupe. Mbegu osha, anika, kaanga na chumvi. Na lichongwe siku ileile, kwa joto hili ukilichonga Alhamisi Jumamosi limenywea limeota ukungu. Ndani weka tochi ndogo, mshumaa kwa upepo wa mwezi huu utazimika mara ishirini au utaunguza pazia la watu.

---

mlinzi_wa_usiku_ilazo:

Ombi langu moja. Mimi nalinda maeneo hayo. Nasikia kuna wazazi wanataka watoto wapite nyumba kwa nyumba wamevaa maski kuomba pipi kama wanavyofanya Marekani. Tafadhali msifanye. Kule jirani anajua tarehe hiyo watoto watakuja na anawasha taa ya nje kuwakaribisha. Huku mtu hajui, akigongewa geti saa moja usiku akachungulia akaona watu wamefunika sura, wa kwanza ni mbwa na wa pili ni kelele ya mwizi, na mkiitwa mwizi mtaani hakuna anayekuja na swali, wanakuja na mawe. Nimeshuhudia mtu mzima asiye na hatia akiokolewa kwa shida. Fanyieni ndani ya geti, watoto wagonge milango ya vyumba.

---

katekista_mstaafu:

Mlinzi umenena. Kugonga milango ya vyumba ni wazo zuri sana, kila mlango akae mzazi na kitu chake.

---

nuru_ya_makulu:

Nimefuatilia uzi wote. Wanangu bado hawaendi, msinichoke. Ila hadithi ya boga nimewasimulia jana umeme ulipokatika na wote wamelala vitanda vyao.

---

mama_wawili_kisasa:

Wakuu nimerudi na mrejesho, leo Jumapili mchana, samahani ni mrefu.

Mama mkwe nilikaa nae siku ileile, nikamsomea ya katekista yote. Akauliza maswali mawili tu, wale maskini waliopewa keki waliomba kweli au walikula tu? Na huyo Jack hakuna aliyemuombea? Nikakosa jibu la lote. Akasema mtoto aende, ila kesho yake asubuhi twende wote misa ya Watakatifu, nikasema sawa mama.

Mwavuli niliukata, nilijichoma mara mbili, mabawa yakatokea vizuri kuliko nilivyofikiria, akinyoosha mikono yanafunguka na yale mapindo kabisa. Sikio moja lilikuwa linalala lakini hata popo wa kweli si lazima masikio yote yasimame. Ubuyu nilipika kilo mbili, fundi nilikutii simu iliita nikaiacha, haukuungua.

Kufika pale kuna watoto kama 15, kulikuwa na mifupa wawili, fisi mmoja wa gunia alitisha kweli, na malaika. Kofia za wachawi zilikuwa mbili. Sikusema kitu kwa wale watoto, ila nikamsogelea mama mwenye nyumba jikoni nikamsimulia habari ya bibi wa kwenye baiskeli, bila kumlaumu. Akaacha kukata keki akaniambia bibi yake mwenyewe walimfukuza kijijini na yeye hajawahi kumwambia mwanae. Tukakaa pale na visu mikononi.

Giza lilipoingia tukazima taa, boga linawaka mezani. Msambaa, hadithi sikuisimulia mimi. Tulikuwa tumekuja na mama mkwe, nilimwomba asindikize, nae akakaa kwenye kigoda pembeni muda wote anakula mbegu za boga. Nikaanza, "Hadithi hadithi," watoto wakaitika, nikafika pale boga linapoongea sauti yangu haikutisha, wanacheka. Basi nyuma yangu nikasikia sauti nene ya taratibu, "Ukinichuma, nami nakuchuma." Mama mkwe! Watoto wote kimya, yule fisi akaja kukaa mapajani kwangu. Akaendelea yeye mpaka mwisho, na katikati alitia maneno ya Kigogo na wimbo ambao mume wangu anasema hajausikia tangu akiwa mdogo Bahi.

Usiku tumerudi na lile boga maana wenye nyumba walitaka kulitupa. Leo baada ya misa tumetoka makaburini kwa baba mkwe tukasafisha, binti kaweka vifungu vitatu vya ubuyu juu ya kaburi, bibi yake hakumkataza. Sasa hivi boga liko jikoni linachemka na nazi, yale meno nimeyakatia humohumo. Msambaa naomba uniandikie hadithi nyingine ya kwenu, keshaniuliza mara nne.